Riwaya Isiyoandikwa kwa Pupa

Riwaya ya ukubwa wa kawaida huwa na maneno 60,000 hadi 100,000. Mtu mwenye kazi ya mchana, watoto na misiba ya kuhudhuria akiitazama hesabu hiyo kwa jumla hukata tamaa kabla hajanunua daftari. Akiigawa, mambo hubadilika: maneno 300 kwa siku, siku 5 za juma, ni maneno 78,000 kwa mwaka, na hapo Jumamosi na Jumapili hazijaguswa.

Aliyeonyesha vizuri nguvu ya hesabu hiyo ni Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mtumishi wa posta kwa zaidi ya miaka 30 na bado akaacha riwaya 47. Alipoishi Waltham Cross, kaskazini mwa London, saa 11 na nusu alfajiri alikuwa mezani tayari. Mtumishi mmoja mzee wa nyumbani alilipwa pauni 5 za ziada kwa mwaka kwa kazi ya kumwamsha na kumletea kahawa. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kusoma aliyoyaandika jana. Kisha aliweka saa yake mbele yake na kujiwekea sharti la maneno 250 kila robo saa. Kila kitabu kilikuwa na shajara yake, iliyopigwa mistari ya siku na majuma, ambamo alijaza idadi ya kurasa ili juma la uvivu limkodolee macho. Akiwa safarini aliandika kwa penseli ndani ya treni, kibao kikiwa magotini, na mkewe akanakili baadaye.

Mkono wa Trollope ulikuwa mwepesi, na wepesi huo si wa kuigwa na kila mtu. Mfaransa Gustave Flaubert aliianza Madame Bovary mwaka 1851 na kuimaliza 1856, akizisoma sentensi zake kwa sauti kubwa chumbani mpaka sikio liridhike. Lakini Flaubert aliishi kwa mali ya familia, hakuwa na mwajiri. Anayemwiga huku akigombea daladala saa 12 asubuhi anajitafutia maudhi.

Kinachowaponza waandishi wa polepole, kuliko upole wenyewe, ni kusahau. Kitabu kikichukua miaka 2, shangazi aliyeitwa Mwanaisha katika sura ya 2 huibuka katika sura ya 9 akiitwa Mwanahamisi, na nyumba iliyoezekwa makuti huota mabati bila fundi kupanda. Dawa yake ni daftari dogo la pembeni: majina, umri, nani ana undugu na nani, tukio gani lilitokea mwezi gani. Daftari hilo huonekana kama kazi ya karani, na ndivyo lilivyo. Wengine hukatiza makusudi katikati ya tukio, mlango umegongwa na hakuna aliyefungua, ili kesho pawe na pa kuanzia. Ernest Hemingway alipenda kuacha wakati bado anajua kitakachofuata.

Siku zitakosekana. Mtoto ataugua, umeme utakatika, kazini kutakuwa na hesabu za mwisho wa mwaka. Kosa ni kutaka kulipa deni lote kwa mkupuo: aliyekosa siku 4 akijilazimisha maneno 1,500 usiku mmoja, mara nyingi huamka na kurasa za kufuta. Ni afadhali arudi kwenye 300 zake kana kwamba hakuna kilichopita. Pengo likizidi mwezi, inafaa asome mswada tangu ukurasa wa kwanza kabla ya kuongeza neno.

Rasimu ikikamilika, hukaa kabatini majuma kadhaa, kisha husomwa upya kalamu mkononi. Hapo sura za mwanzo ndizo hukatwa zaidi. Ziliandikwa na mtu ambaye bado hakuwajua wahusika wake, na miaka ile 2 imeshamfundisha jinsi wanavyozungumza.