Kikombe mbele ya sahani

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama wenye chungu juu ya moto, tuongee leo juu ya ile kikombe inayonywewa mbele ya chakula. Wafaransa wanaiita aperitifu, jina lililotoka kwa neno la Kilatini la kufungua. Ni kufungua hamu ya kula. Kwao ni glasi ndogo, karanga kidogo pembeni, na sahani inangoja mezani.

Huku kwetu Kibombo malafu ilifanya kazi ileile. Ikitoka ku ngazi asubuhi iko tamu. Mangaribi imekwisha kuchacha, lakini nguvu yake haiko mbali na ya bia. Wazee walizungusha kikombe, huku wali na sombe vinaiva. (Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi hapa Maniema, wao wanakunywa chai, na hamu ya kula hawajaikosa.)

Lotoko ni mambo mengine. Bia ya chupa iko karibu na 5 kwa 100. Lotoko ya mahindi na mihogo inaweza kupita 40. Na mchimbaji anaikuta njiani, akitoka ku shimo bila kula kitu tangu asubuhi. Tumbo likiwa tupu, pombe haikawii mule, inateremka upesi na kuingia mu damu. Chakula ndicho kingeizuia. Tena ini, likishughulika na pombe, linaacha kutengeneza sukari ya kulisha mwili. Mtu anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anaanguka. Wenzake wanacheka: amelewa tu, mumuache alale. Kumbe hapo anaweza kufa.

Wengine wanasema lotoko inaondoa njaa. Kweli inaiondoa, na ndiyo ubaya wake! Sahani inarudi imejaa, franka za muchele zimebaki njiani, na kesho mtu anashuka tena shimoni na tumbo lilelile tupu.

Kuambia watu waache kabisa, hawatatusikia. Tunaomba kidogo: mihogo ya kuchemsha na karanga, vifungwe mu majani, viende ku shimo asubuhi pamoja na beleshi. Akila saa sita, ile ya jioni itamkuta na kitu tumboni. Na mwenzenu akianguka namna ile, kama anaweza kumeza, mumupe chai ya sukari. Kama haitiki, musimutie kitu mu kinywa. Mumulaze ubavu, mumupeleke ku kituo cha afya usiku uleule.