Mtumishi Naye Aulizwe Alikotoka

Shirika la dini likipanda milima ya Upare hadi kata ya Mhezi, wilayani Same, kuomba eneo la kujenga makao ya watoto, linakuta njia imeshasafishwa. Wasabato waliingia Upare Kusini mwaka 1903, Walutheri nao wakafungua misheni zao, na watu wa Same wamesomeshwa na kutibiwa na taasisi za dini kizazi baada ya kizazi. Imani ya watu kwa taasisi hizo ilipatikana kwa jasho. Hatari ni kwamba mgeni anairithi bila kuitolea jasho: akishajiita mtumishi, huulizwa machache kuliko mtu anayetaka kufungua duka la dawa.

Yaliyotokea Boito, kaunti ya Bomet nchini Kenya, ni ya kutisha. Mwaka 2008 Mmarekani Gregory Dow alifungua makao ya watoto huko akiwa mmisionari, na makanisa ya Marekani yakamchangia. Kumbe mwaka 1996 alikuwa amekiri mahakamani, kwao, shambulio kwa nia ya kudhulumu kingono. Rekodi hiyo ilikuwepo miaka yote. Wasichana wa makao hayo walipelekwa kliniki na mkewe wakawekewa vijiti vya uzazi wa mpango, ili unyama wa kingono aliowafanyia Dow usiache mimba. Wawili kati ya wanne waliotajwa kwenye kesi walikuwa na miaka 11 tu ulipoanza. Maana yake kuna mhudumu aliyeushika mkono mwembamba wa mtoto, akachana ngozi na kupachika vijiti. Dow alitoroka mwaka 2017. Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani ni miongoni mwa waliofuatilia mpaka kesi ikasimama, na mwaka 2021 Dow akahukumiwa Marekani miaka 15 na miezi minane.

Wala si mambo ya Wakristo peke yao. Shirika la hisani la Kiislamu la Al-Haramain lilijulikana kwa misikiti na misaada. Mwaka 2004 Umoja wa Mataifa uliliweka tawi lake la Tanzania kwenye orodha ya vikwazo kwa kuhusishwa na al-Qaida. Mzazi aliyepokea msaada angejuaje?

Wapo watakaosema serikali ikipewa nguvu ya kukagua mashirika ya dini itaitumia kuwafunga midomo viongozi wa dini. Hofu hiyo ina msingi. Juni 2025 Msajili wa Jumuiya alilifutia usajili kanisa la Askofu Josephat Gwajima baada ya yeye kukemea utekaji wa watu. Ndiyo maana ukaguzi usiguse mahubiri kabisa. Uguse fedha, uongozi na usalama wa watoto, na anayefungiwa aweze kwenda mahakamani. Wengine watasema mashirika safi yataona yanashukiwa. Lakini hayo ndiyo yanayoumia zaidi jina lao likivaliwa na mwingine.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 tayari inataka makao ya watoto yawe na leseni. Upungufu uko kijijini, kwenye uamuzi wa ardhi. Kabla ya kupiga kura, mkutano mkuu wa kijiji usomewe majina ya wadhamini, kanisa au taasisi mama, anayetoa fedha, na hati ya polisi ya nchi anakotoka kila mgeni atakayelala na watoto. Makao yakishafunguliwa, afisa ustawi wa jamii akipanda kutoka Same asiishie kusaini kitabu cha wageni. Azungumze na watoto wenyewe, walezi wakiwa nje.