Kabla hujanunua spika sita, geuza kompyuta uangalie nyuma

Ushawahi kuona boksi kubwa limeandikwa "5.1" dukani ukaanza kupigia mshahara hesabu hapo hapo? Tunaelewana. Una chumba chako hapa Frere Town, kompyuta ya mezani, muvi za wikendi na gemu za usiku. Unataka ile helikopta ianzie nyuma ya kisogo chako, ipite juu, itokee mbele.

Shida ni kwamba watu wengi hutoka dukani na spika sita, wakifika nyumbani wanasikia sauti ile ile ya spika mbili, ila imekuwa kubwa. Pesa zimeenda, jirani amenuna, na helikopta haijazunguka popote.

Tuanze na hiyo namba. Tano ni njia za sauti: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma kushoto na nyuma kulia. Hiyo nukta moja ni njia ya wufa, yaani besi peke yake. Teknolojia hii ilitoka kwenye majumba ya sinema. Batman Returns ya 1992 ndiyo muvi ya kwanza kutolewa kwa Dolby Digital. Neno la kushika hapo ni "njia". Kuwa na spika sita ni jambo moja. Kuwa na sauti sita tofauti zinazotoka kwenye kompyuta ni jambo lingine kabisa.

Kwa hivyo kabla hujalipa, fanya ukaguzi mara mbili.

Kwanza, dukani. Mwambie muuzaji aigeuze wufa uone mgongo wake. Ukikuta pa kuingizia sauti ni matundu mawili tu, jekundu na jeupe, basi hiyo mashine inapokea njia mbili na kuzigawa kwa spika zote. Inaweza kuwa wufa nzuri ya kupiga muziki, lakini haitakuzungushia kitu. Ile yenyewe huwa na matundu sita ya kuingizia sauti, au nyaya tatu za kuchomeka kwenye kompyuta, au HDMI.

Pili, nyumbani. Angalia nyuma ya kompyuta. Zile rangi za matundu si mapambo. Kijani ni spika za mbele, nyeusi ni za nyuma, rangi ya chungwa ni ya katikati pamoja na wufa. Kama una matundu matatu tu, yaani kijani, bluu na waridi, usife moyo. Kwenye kompyuta nyingi, ukibadilisha mpangilio wa sauti, bluu inageuka ya nyuma na waridi inageuka ya katikati na wufa. Ila kwa wakati huo hutakuwa na pa kuchomeka maiki pale nyuma. Laptopu yenye tundu moja la hedifoni nayo itahitaji kadi ya sauti ya USB yenye njia sita.

Ukishachomeka, bado. Kwenye Windows fungua sehemu ya Sound, chagua spika zako, bonyeza Configure, weka 5.1, halafu bonyeza Test. Kila spika italia kivyake. Ukiona "nyuma kushoto" inalilia mbele kulia, umechanganya nyaya, na ni kazi ya dakika moja kurekebisha.

Na usishtuke ukicheza wimbo spika za nyuma zikanyamaza. Hazijaungua. Nyimbo nyingi, pamoja na video nyingi za YouTube, ni za njia mbili. Tafuta muvi au gemu yenye sauti ya 5.1 ndio upime kweli.

Sasa kuzipanga. Hapa ndipo chumba kidogo kinakusaidia, manake huhitaji sauti kubwa. Spika mbili za mbele zifanye pembetatu na kichwa chako: umbali kati yao uwe sawa na umbali wa kila moja hadi kwako. Ya katikati ikae chini ya skrini ikikuelekea, kwa sababu maneno mengi ya muvi hutokea hapo. Za nyuma zisiwe nyuma kabisa. Ziweke pembeni, zikirudi nyuma kidogo ya masikio, juu kidogo ya kichwa. Waya upitishe kando ya ukuta, usiuache katikati ya mlango. Na hewa yetu ya chumvi inakula vyuma, kwa hivyo chomoa na ufute ncha za jeki mara moja moja kabla hazijaanza kukwaruza.

Wufa ndiyo yenye kesi. Besi ya hezi 40 ina wimbi refu la zaidi ya mita nane, kwa hivyo ukuta wa ploti hausimamishi kitu. Ukiisukuma kwenye kona, inanguruma zaidi. Itoe kwenye kona, isiguse ukuta wa jirani, na uiwekee kipande cha godoro kuukuu chini. Kanuni za kitaifa za kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango cha maeneo ya makazi kinashuka hadi desibeli 35, karibu na mnong'ono. Mama wa chumba cha pili anayeamka alfajiri kwenda Kongowea hahitaji kuijua sheria hiyo ili akugongee mlango.

Sisi tunaoshukia Kengeleni kila siku tunajua sauti ni kitu gani. Frere Town ilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na ile kengele ilikuwa ikigongwa kuwaonya wavamizi wakija. Ilitengenezwa isikike na mtaa mzima. Spika zako kazi yake ni kinyume: zikipangwa vizuri, anayezungukwa na sauti ni wewe uliyekaa kwenye kiti, na jirani analala.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla hujavuka Daraja la Nyali na pesa mfukoni, chukua simu, washa tochi, piga picha nyuma ya kompyuta. Nenda nayo dukani. Hiyo picha itakuokolea pesa kuliko ofa yoyote.