Kupasha joto injini ya gari kwenye baridi kali: Hita ya umeme ndiyo njia salama

Kwa Watanzania wanaoishi, kusoma au kufanya kazi nchini Kanada, hasa katika miji kama Winnipeg na Edmonton ambako usiku wa Januari halijoto huweza kushuka hadi nyuzi joto 30 za Selsiasi chini ya sifuri, kulinda injini ya gari ni suala la kila siku. Gereji ya nyumbani isiyo na mfumo wa kupasha joto hukinga upepo na theluji, lakini ikifika alfajiri injini huwa imepoa karibu sawa na hewa iliyoizunguka. Kuifunika kwa blanketi huchelewesha tu hali hiyo, tena blanketi likisahaulika linaweza kushika moto.

Baridi hufanya oili kuwa nzito, ikachelewa kufika kwenye vyuma vinavyosuguana, huku betri nayo ikipungukiwa nguvu. Ndiyo maana magari mengi ya huko hufungwa hita ya injini, kifaa cha umeme ambacho kwa kawaida hupasha maji ya rejeta yaliyomo ndani ya injini. Si kifaa kigeni: Andrew Freeman wa North Dakota, Marekani, alipata hataza ya hita ya aina hiyo mwaka 1949.

Hita nyingi hutumia wati 400 hadi 1,000, hivyo kuiacha usiku kucha ni kupoteza umeme bure. Saa mbili hadi nne kabla ya safari zinatosha, na swichi yenye saa huiwasha yenyewe dereva akiwa bado amelala. Waya wa kuunganishia uwe wa matumizi ya nje, usiochubuka na wenye unene wa kuhimili mzigo huo, na uchomolewe kabla ya gari kuondoka.

Lisilo na mjadala ni hatari ya kuwasha injini ndani ya gereji. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Kufungua mlango wa gereji hakutoshi, kwa kuwa gesi hiyo hupenya hadi ndani ya nyumba iliyoungana nayo. Gari litolewe nje mara tu linapowaka. Anayehisi maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu atoke nje mara moja na kupiga simu namba 911.