Mswada Unapokataliwa Nairobi

Nairobi, anayeikataa riwaya ya kwanza kwa kawaida ni mhariri. London na New York kuna mawakala wa fasihi, na bila wao ni vigumu mswada kumfikia mchapishaji mkubwa. Kenya kazi hiyo haijashika mizizi. Mwandishi huwasilisha mswada mwenyewe, kisha husubiri miezi. Jibu likija huwa fupi: kampuni inashukuru, lakini kazi hailingani na mpango wake wa uchapishaji.

Maneno hayo hufaa kusomwa polepole, kwa kuwa mara nyingi ni kweli tupu. Wachapishaji wengi wa Kenya wanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya isiyo na matumaini ya kuwa kitabu teule ni mzigo kwao. Barua ya aina hiyo haijasema lolote kuhusu wahusika, msuko wala lugha. Inayosema kwamba sura tatu za mwanzo zinajikokota ni barua nyingine kabisa, na ni ya thamani kubwa: mtu ameusoma mswada hadi akaona unapokwama. Waandishi chipukizi wengi huumia kwa kuzichanganya hizi mbili. Ya kwanza huwafanya waibomoe riwaya nzima, ya pili huwakasirisha. Heri mswada uwekwe kando wiki chache, uchungu upungue, ndipo usomwe tena. Wasomaji watatu wasiojuana wakitaja udhaifu uleule, hapo pana kazi ya kufanya.

Wakati mwingine hakuna cha kurekebisha. Mwandishi Mkenya Grace Ogot aliwahi kusimulia kwamba alipopeleka hadithi zake kwa wachapishaji wa East African Literature Bureau, jijini Nairobi, wakati wa ukoloni, walishindwa kuelewa vipi mwanamke Mkristo aandike juu ya kafara na dawa za kienyeji badala ya wokovu. Mwaka 1965 ikaanzishwa East African Publishing House jijini humo, na mwaka uliofuata ikatoa riwaya yake ya kwanza, The Promised Land.

Mwandishi mwenzake wa Kenya, David Maillu, alichukua njia nyingine: mwaka 1972 alianzisha kampuni yake, Comb Books, akatoa vitabu vyembamba vilivyonunuliwa kama njugu. Njia hiyo ingali wazi. Namba ya ISBN hutolewa na huduma ya maktaba za taifa, na duka la Nuria, Moi Avenue, huuza vitabu vya waliojichapishia. Ila gharama ya uhariri na uchapaji humwangukia mwandishi, na anayeukwepa uhariri ili kuokoa fedha huharibu kitabu chake mwenyewe.

Mashindano ya miswada nayo ni mlango. Kwa riwaya za Kiswahili ipo Tuzo ya Safal-Cornell, inayopokea miswada ambayo haijachapishwa. Taasisi ya fasihi Kwani Trust ya Nairobi ilipotangaza shindano lake mwaka 2012, ilipokea miswada zaidi ya 280. Mmoja ulikuwa wa Jennifer Nansubuga Makumbi, Mganda anayeishi Manchester, aliyeanza kuuandika mwaka 2003 na ambaye Uingereza aliambiwa kazi yake ni ya Kiafrika mno. Ulishinda mwaka 2013, ukachapishwa Nairobi mwaka 2014 kwa jina la Kintu. Mchapishaji wa Uingereza aliutoa mwaka 2018.