Kuandika Kwenye Memori Siyo Kutuma Ujumbe

Anayepata bodi yenye chipu ya STM32MP157 huuliza jambo lilelile: aandike data kwenye anwani ipi ili kiini cha pili kiisome? Chipu hiyo ina viini viwili vya Cortex-A7 vinavyoendesha Linux, na kando yake Cortex-M4 ya MHz 209 inayohudumia sensa na mota papo hapo. Pande zote mbili zinaifikia memori ileile, basi muulizaji anaamini kwamba akipewa namba amemaliza kazi.

Hajamaliza. Hata namba yenyewe si moja: eneo ambalo M4 inaliona kwenye 0x00000000, Linux inalikuta kwenye 0x38000000.

Kinachoudhi zaidi ni dawa inayopendekezwa kila mara swali hilo linapozuka. Fungua /dev/mem, ifikie anwani kwa mmap, weka neno volatile mbele ya kila kigeu, tenga alama moja ya kuonyesha kwamba data iko tayari, kisha Linux ilale milisekunde 1 kwa usleep kabla ya kutazama tena. Kwenye meza ya majaribio, kwa sensa moja na bila mzigo, inafanya kazi. Ndiyo maana imeaminiwa.

Volatile ni agizo kwa kompaila peke yake: usiruke kukisoma wala kukiandika kigeu hiki. Prosesa haiambiwi kitu. Kashe haisafishwi. Hata memori ikifunguliwa bila kashe, A7 ina bafa za kuandikia, na kwenye DDR inaweza kupeleka maandishi kwa mpangilio tofauti na ule wa programu, hivyo alama ya “tayari” ikafika kabla ya data inayoitangaza. Nyaraka rasmi za kerneli ya Linux zina faili zima la onyo kuhusu neno hilo, volatile-considered-harmful. Ni fupi, halina gharama, na yeyote anayetaka kupendekeza dawa hii angepaswa kulisoma kwanza.

Kulala nako hakuponyi. Milisekunde 1 ni mizunguko 209,000 ya M4, muda wa kutosha kupima upya na kuandika juu ya vipimo ambavyo Linux bado inavinakili. Tena usleep huahidi muda wa chini, haiahidi wa juu. Kinachopatikana ni rekodi yenye joto jipya na presha ya zamani. Haina dalili ya kosa: inaingia kwenye hifadhidata, inachorwa kwenye grafu, na pampu inawashwa kwa hali ambayo haijawahi kuwepo. Mtu akirefusha usingizi hadi milisekunde 10, kosa linakuwa adimu, yaani gumu zaidi kulikamata, na yeye anatangaza kwamba amelitibu.

La kuuliza ni nani ana haki ya kuigusa bafa sasa hivi, na mwenzake atajuaje kwamba zamu yake imefika. Linux ina jibu tangu toleo la 3.4 la mwaka 2012: remoteproc ya kukiwasha kiini cha pili, na rpmsg ya kubeba ujumbe. Rpmsg hutumia foleni mbili za virtio, moja kwa kila mwelekeo. Umiliki wa bafa unajulikana, vizuizi vya mpangilio vimo tayari, na IPCC, kifaa cha ndani ya chipu, humwamsha mpokeaji kwa intarapti.

Kazi yenyewe ni fupi. Memori ya foleni na bafa itengwe kwenye faili la DTS la bodi. Programu ya M4 iwe na sehemu ya .resource_table; ikikosekana, M4 itawaka lakini rpmsg haitatokea. Faili la ELF la programu hiyo liwekwe /lib/firmware, jina lake liandikwe kwenye /sys/class/remoteproc/remoteproc0/firmware, kisha neno start kwenye faili la state lililo kando yake. M4 ikitangaza chaneli ya rpmsg-tty, kerneli ya 5.16 na za baadaye zenye kiendeshi chake hutoa /dev/ttyRPMSG0. Linux itume kwanza, hata baiti moja, maana kabla ya hapo M4 haijui anwani ya kujibu. Ujumbe mmoja hubeba hadi baiti 496: bafa ya 512, kasoro 16 za kichwa. Data kubwa ikae kwenye bafa yake, rpmsg ipeleke mahali ilipo na ukubwa wake tu. Kwenye bodi ya BeagleBone Black, viini viwili vidogo vya PRU vya MHz 200 hufuata njia hiyohiyo, kupitia /dev/rpmsg_pru30 na /dev/rpmsg_pru31. Pakiwa kimya, dmesg isomwe kabla ya msimbo kuguswa, na jina la chaneli lilinganishwe herufi kwa herufi na lile ambalo kiendeshi cha Linux kinalisubiri.