Omu 250 na Sauti ya Bibi

Kanda ya Bibi ilirekodiwa sebuleni, usiku, redio kaseti ikiwa juu ya stuli. Bibi anasema "Paukwa!" kwa sauti ya chini, sisi watoto tunaitikia "Pakawa!" kwa kelele zetu zote, kisha yeye anaendelea taratibu, kama anayezungumza na ukili anaousuka. Nilipoihamishia kwenye kompyuta niliyaona hayo yote kwenye mchoro wa sauti: viitikio vyetu vimesimama kama minazi, maneno ya Bibi yamelala chini kama nyasi. Kati ya vilele vyetu na vyake kuna kama desibeli 26.

Nikavaa hedifoni zangu, Beyerdynamic DT 990 Pro za omu 250, nikachomeka pini kwenye tundu la kijani nyuma ya kompyuta, nikapandisha sauti hadi mwisho. Watoto niliwasikia vizuri. Bibi alikuwa anamezwa na feni.

Dukani niliambiwa kwamba hedifoni kubwa zinataka nguvu kubwa, kwa hiyo ninunue amplifaya. Ushauri huo una ukweli, ila neno "nguvu" linaficha mahali penyewe penye upungufu. Ndani ya kila upande wa hedifoni kuna koili iliyoning'inia kwenye uwanja wa sumaku, imegandishwa kwenye utando mwembamba. Koili ya omu 250 imesukwa kwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko mingi. Ile ya omu 32 ina waya mnene zaidi na mizunguko michache. Zote mbili zinaweza kutoa sauti ileile kwa kiasi kilekile cha miliwati. Tofauti ni kwamba ya omu 32 inajazwa na mkondo mwingi kwa volti chache, na ya omu 250 inataka volti nyingi kwa mkondo kidogo. Ukichukua volti, ukazizidisha kwa zenyewe, ukagawanya kwa omu, unapata wati. Volti 1 kwenye omu 250 ni miliwati 4 tu. Kwenye omu 32 ni miliwati 31.

Kwa hesabu hiyo, nilipaswa kuuza hedifoni zangu na kununua za omu 32. Nilikaribia kufanya hivyo. Kilichonizuia ni mita ya fundi redio wa mtaani kwetu.

Nilitengeneza faili la mlio wa hezi 50, kwa sababu mita nyingi za kawaida husoma vizuri umeme wa kupishana wa karibu na hapo, nikaucheza sauti ikiwa mwisho. Mita yangu ya njano ya bei nafuu haikufaa: upande wa umeme wa kupishana inaanzia volti 200, na haionyeshi chochote kilicho chini ya sehemu ya kumi ya volti. Ya fundi ina kipimo cha volti 2. Tundu likiwa halina mzigo, ilisoma 1.02. Kisha fundi akashikiza rizista ya omu 33 kati ya waya wa kushoto na waya wa chini, mahali ambapo hedifoni ingekaa. Mita ikaanguka hadi 0.31.

Ndipo nilipoelewa. Zaidi ya theluthi mbili za volti zilikuwa zinabaki ndani ya kompyuta. Ukifanya hesabu, ni kama vile nyuma ya tundu lile kuna rizista ya omu 75 iliyokaa njiani, na kila hedifoni inagawana volti nayo. Hedifoni za omu 250 zinapoteza chini ya robo. Za omu 32 zinapoteza takriban asilimia 70. Nikarudia hesabu ya miliwati kwa volti zinazofika kweli: hedifoni za omu 32 zenye usikivu sawa na zangu zingepata miliwati 2.9, na zangu zinapata 2.5. Tofauti ya sauti haifiki desibeli moja. Yale mabadilishano niliyokuwa nimeyapanga yasingemsogeza Bibi hata kidogo.

Omu hizo za njiani hazikuwekwa kwa bahati mbaya. Tundu la namna hii limekusudiwa kupeleka ishara kwenye spika zenye amplifaya yake ndani, na rizista hulilinda pini inapogusa vibaya. Hata kiwango cha kimataifa IEC 61938 cha mwaka 1996 kilipendekeza omu 120 kwa matundu ya hedifoni. Nadhani pendekezo hilo limewapotosha wengi. Omu zinazotajwa kwenye boksi si kitu kimoja katika mlio wote: Sennheiser HD 650, ambazo boksi linasema ni omu 300, hupanda hadi karibu 500 kwenye besi. Chanzo chenye omu nyingi huzipa volti zaidi mahali hapo, besi inavimba, na msikilizaji anadhani ndivyo wanamuziki walivyopiga.

Kabla ya kutoa hela nilijaribu yale ya bure. Faili lililorekodiwa chini unaweza kulipandisha kwa programu ya kuhariri sauti, na kwa rekodi nyingi hiyo ndiyo dawa inayotosha. Ya Bibi haikukubali, kwa kuwa "Pakawa!" yetu ilikuwa tayari imegusa dari. Namba zikishafika kwenye dari, ukiongeza tena, vilele vinakatwa na kuwa bapa na sauti inakwaruza. Ndiyo maana sipendi programu zinazokuruhusu kuvuka asilimia 100. Njia nyingine ni kuiminya rekodi, watoto washuke na Bibi apande. Nilijaribu, nikafuta. Bibi aligeuka mtangazaji aliyekaa mdomoni mwa maikrofoni, na mvumo wa kanda ukawa unapanda na kushuka kila tunaponyamaza. Umbali kati ya sauti yake na zetu ndio sebule yenyewe.

Hapo sasa amplifaya ilikuwa na kazi ya kweli, na nilijua ya nini: volti mara mbili na nusu, na omu chache mlangoni. Kompyuta chache zimeshaanza kuja nazo. Apple, kuanzia MacBook Pro za inchi 14 na 16 za mwaka 2021, waliweka tundu linalopima hedifoni zilizochomekwa: zikiwa chini ya omu 150 linatoa hadi volti 1.25, zikiwa na omu 150 hadi 1,000 linatoa hadi volti 3. Kwangu fundi alichukua mchoro wa O2, amplifaya ndogo ambayo mbunifu wake aliuweka wazi kwa kila mtu mwaka 2011. Inatembea hata kwa betri mbili za volti 9. Swichi yake ikiwa kwenye nafasi ya kwanza inakuza mara 2.5, na omu zake za kutokea hazifiki moja. Kwa hedifoni zangu hizo ni kama desibeli 10 za ziada. Watoto wanapokaribia kuitikia, mkono wangu uko kwenye kitufe, kwa sababu desibeli hizo zinawafikia na wao.

Nilirudisha kanda mwanzo kabisa. Sekunde kumi na moja ambazo siku zote nilizichukulia kuwa tupu, kabla ya "Paukwa" ya kwanza, zina mlango unaofungwa, ukili unaoburuzwa sakafuni, na sauti ya Babu, karibu sana na kaseti, akinong'ona: "Mama Zuhura, anza, inazunguka."